Daftari la Bafta

Nauza bafta Langoni, duka la mlango mmoja.
Nilirithi mkasi, mizani ya udi, na daftari
lenye jalada la kijani lililoliwa na mende.
Mwanamume nguo tatu, mwanamke tano,
pamba, karafuu maiti, na mkono wa pole.
Jora moja hunifikisha mwisho wa mwezi, na kipande hubaki.

Mwaka huu, mwezi wa tatu,
kaskazi ilikata pumzi kabla ya kusi kuamka,
na usiku, ndio niliouogopa, usiku ulikataa kupoa.
Ukuta wa saruji uliokunywa jua mchana
ulilitapika saa nane za usiku
juu ya vifua vya waliolala.

Jumatatu niliandika: tano.
Jumanne: tano, tatu, tano.
Jumatano mkasi uliniachia lengelenge.
Alhamisi nikamvusha kijana Mokowe apande basi la Mombasa.
Majora manne.
Mwenye ghala akanipigia, "Kuna vita huko?"
Nikamwambia hapana, kuna jua.
Akacheka. Jua si lipo kila siku?

Kila aliyekuja kununua alikuja na jina la ugonjwa.
"Presha," alisema mtoto wa Shekuwe.
"Sukari ilipanda." "Moyo."
"Ni utu uzima tu, siku zake zilitimu,"
na mama yule alikuwa na miaka hamsini na miwili,
alikutwa jikoni, mchele haujaiva, kanga imemganda mwilini.
Hakuna aliyetaja joto.
Joto halina cheti.
Huingia bila hodi, hukaa na wenyeji,
likitoka limebeba mtu, na komeo li mahali pake.

Umulkheri wa ofisi ya afya akaja na karatasi zake.
"Hospitali yasema kumi na mmoja."
Nikamfungulia daftari. Akahesabu kwa ncha ya kalamu,
midomo ikimcheza, akafika thelathini na nne,
akarudi juu, akaanza upya.
"Mbona tano ni nyingi hivi?"
Nikamwonyesha mapaa kwa kidevu.
Mwaka ule wa moto, makuti yalipoteketea mtaa mzima,
tuliapa kutolala tena chini ya kuni.
Tukaezeka mabati. Tukashukuru.
Mwanamume atatoka akae barazani, au msikitini penye feni;
mwanamke yumo ndani
na jiko la makaa, na mkwe aliyepooza, na bati.
Kule Mkomani, kwenye kuta za mawe nene kama dhiraa,
nimeuza sanda mbili tu.
Moja ni ya aliyeanguka ngazi.

Usiku wa tisa umeme ukakatika.
Barafu ya Lali ikawa maji ya samaki.
Ng'ambo ya ukuta wangu Bi Mwanatenga hakukohoa.
Wanawe wako Ghuba; kikohozi chake ndiyo saa yangu.
Nikapitia uani nikamkuta macho meupe,
ngozi kavu kama ng'onda, anaongea na marehemu mumewe
kuhusu deni la chumvi.
Sikuwa na kitu ila jora la mwisho.
Nikalikata bila kupima,
nikalichovya kisimani, nikamfunika utosi hadi nyayo,
nikampepea kwa daftari.
Nikachovya tena. Na tena. Ndoo ikaanza kupanda na tope.

Kabla ya adhana akafungua jicho moja.
"Weye! Wanivisha sanda, na pesa hujalipwa?"
Kisha, polepole: "Kwanda nipa mai."

Asubuhi nikaandika, maana daftari halidanganywi:
bafta, nguo tano, imelowa.
Mnunuzi: hakuna. Bei: bado.
Marehemu:
hapo nikaacha pengo,
na wino ukakauka kabla sijainua kalamu.